Kweli Iliyopunguzwa

Je, kitu kidogo chaweza kuwa cha kweli sawa na kile kikubwa kilichoigwa, au udogo wenyewe ndio mwanzo wa uongo? Swali hili laonekana kuwa la watoto mpaka mtu alitazame kwa karibu. Mimi nimevutwa kulifikiri na kazi moja ambayo wengi huicheka. Uingereza na Ujerumani, na katika nchi nyingine kadha wa kadha, wako watu wazima wenye akili timamu ambao hutandika reli nyembamba bustanini mwao, baina ya maua na mboga, wakaunda kwa mikono yao vichwa vya gari la moshi na mabehewa, wakayapaka rangi kwa uangalifu mkubwa, kisha wakayaendesha juani na mvuani.

Kicheko chenyewe sitakijibu kwa urefu. Mtu akaaye dakika 90 kutazama watu 22 wakiufukuza mpira mmoja hana haki ya kumwuliza mwenziwe kwa nini anachonga gurudumu. Tuliache hilo, tuitazame kazi.

Kipimo kitumikacho sana katika reli za bustanini ni 1 kwa 22.5, yaani kila urefu wa kitu halisi hugawanywa kwa 22.5. Kiwanda cha Lehmann cha Ujerumani kilianza kuuza magari ya kipimo hicho mwaka 1968, kwa jina la LGB, na reli zake zina upana wa milimita 45. Upana huo haukuokotwa njiani. Gawanya mita moja kwa 22.5, utapata milimita 44 na kidogo. Na mita moja ndio upana wa reli nyingi za milimani huko Ulaya, kama ulivyo upana wa reli yetu wenyewe, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Basi mtu aliyeko Nürnberg, asiyepata kuiona Voi wala Nakuru maishani mwake, aweza kuliunda gari la moshi la Kenya likapita sawasawa juu ya reli aliyoinunua dukani kwao.

Lakini mtu atakaye kuiga treni ya reli pana zaidi, kama ile iliyoanza kwenda baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, hana budi kutumia kipimo cha 1 kwa 32 ndipo magurudumu yake yakae katika zile zile milimita 45. Njia ni moja, vipimo ni viwili. Akiyafunga mabehewa ya vipimo hivyo viwili katika msafara mmoja, abiria wa behewa hili hataweza kuingia katika mlango wa behewa lile ila kwa kutambaa. Kila behewa peke yake ni la kweli, lakini yakiandamana yanadanganya. Jambo hili lanishangaza kila nilifikiripo, maana hakuna msumari hata mmoja uliosema uongo.

Sasa na tukitwae kitu kimoja. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, kimewekwa kichwa cha gari la moshi nambari 5918, kiitwacho Mount Gelai. Ni kimoja katika vichwa 34 vya aina ya Garratt vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katika miaka ya 1955 na 1956, navyo vyote vilipewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Rangi yake ni ile tuiitayo damu ya mzee. Urefu wake wapata mita 31 na zaidi, na uzito wake tani 250 hivi. Fundi wa bustanini akitaka kukiiga kwa kipimo chake, urefu utakuwa mita moja na sentimita 41, jambo jepesi kuhesabu. Uzito je? Wengi watagawanya kwa 22.5 tena, wapate tani 11, mzigo wa kuikandamiza bustani pamoja na mwenyewe! Kumbe kitu kikipungua kwa urefu, hupungua pia kwa upana na kwa kimo, na uzito hufuata yote matatu; kwa hiyo hugawanywa kwa zaidi ya 11,000, ukabaki karibu kilo 22, mzigo ambao mtu mmoja aweza kuubeba kifuani.

Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1638. Alionyesha kwamba mnyama mkubwa hawezi kuwa na mifupa yenye umbo lile lile la mnyama mdogo, kwa sababu uzito hukua upesi kuliko nguvu ya kuubeba. Maumbile hayapungui kwa amri ya fundi. Tone la mvua lililoangukia Mount Gelai ndilo liangukialo mfano wake, likawa kama ndoo ya maji iliyomwagwa juu ya paa. Kokoto ndogo huwa jabali njiani, na jani la mwembe laweza kuuziba mstari mzima. Kwa sababu hiyo mafundi huizidisha kidogo midomo ya magurudumu, ikawa mirefu kuliko kipimo kiagizavyo, gari lisije likaanguka. Tao la njia nalo hukunjwa mno. Tao dogo kabisa la LGB lina sentimita 60 toka katikati hata ukingoni, sawasawa na mita 13 na nusu katika njia halisi, na hapana Garratt iwezayo kupinda hapo bila kutoka relini. Haya ni makosa, lakini ni makosa yasiyofichwa. Kila atazamaye ayaona, na sababu yake i wazi mbele yake, kwa hiyo siwezi kuyaita uongo.

Ugumu mwingine uko katika rangi, na hapa ndipo nipendapo kukawia.

Rangi ya mkebeni haijui kipimo. Mpako mmoja ni mnene sawasawa juu ya kitu kikubwa na juu ya kitu kidogo. Basi juu ya mfano huo, unene wake huwa kama umezidishwa mara 22. Kichwa cha ribiti chenye upana wa milimita 20 katika behewa halisi hakifiki milimita moja katika mfano, na mipako mitatu ya haraka yatosha kukizika. Fundi mwema kwanza huosha chombo kwa maji ya sabuni kuondoa mafuta ya vidole, hupulizia rangi ya msingi, hungoja ikauke, hupitisha msasa laini, kisha hupulizia rangi yenyewe kidogo kidogo, nyepesi kama umande. Asiye na subira hapo ajitafutie kazi nyingine.

Lakini je, apake rangi gani? Tuseme amepata, kwa bahati kubwa, mkebe wa rangi ile ile iliyopakwa Mount Gelai. Aipake kama ilivyo? Wengi watasema naam, kweli gani ipitayo hiyo? Macho hukataa. Mfano wa kipimo hiki ukitazamwa kutoka mita mbili ni sawa na gari halisi lililo mita 45 mbali, na kitu kilicho mbali hufifizwa na hewa na mwanga. Rangi halisi juu ya mfano huonekana nzito na nyeusi kupita kiasi. Kwa hiyo wako mafundi ambao huichanganya na nyeupe kidogo, au kijivu kidogo, ili jicho lione lile ambalo lingeliona kituoni. Yaani huiacha kweli ya mkebe wapate kweli ya macho.

Msomaji aliye macho ataniuliza: hii si hoja ya kila mwongo? Mwenye duka aongezaye maji katika maziwa, naye hasemi kwamba amepunguza ukali kidogo tu, kwa faida ya mnywaji? Swali hili ni zito, wala sidhani lajibiwa kwa kusema kwamba fundi ana nia njema, kwa kuwa nia haionekani. Jibu langu ni hili: tazama ni nani apataye faida kwa badiliko lile, na kama mfanyaji ayaweza kulitaja mbele ya mtazamaji bila ya kazi kuharibika. Fundi akisema, “Nimetia nyeupe kidogo kwa sababu ya umbali,” mfano hauharibiki. Pengine huzidi kupendeza. Muuza maziwa akisema, “Nimetia maji,” biashara imekwisha.

Na masizi? Mafundi wengi hawaridhiki na gari jipya. Hulichafua kwa makusudi, kwa unga wa rangi na burashi kavu. Waweza kuona ni wazimu kuchafua kitu kilichosafishwa mwezi mzima. Lakini gari la kazi halikuwa safi. Masizi hutoka katika bomba na kulala juu ya paa. Vumbi la chuma cha breki hulala karibu na magurudumu. Maji hushuka katika ubavu wa tangi yakaacha michirizi. Na gari lipitalo nyika ya Taru hubeba vumbi jekundu. Kila uchafu una asili yake na njia yake. Apakaye uchafu popote apendapo, bila kuuliza ulitoka wapi, amelisingizia gari, kama vile aling’arishaye mno analipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Masingizio na sifa za bure ni ndugu, ijapokuwa sisi huchukia moja na kulipokea la pili kwa tabasamu.

Mpaka hapa nimesema habari za vitu. Yako mambo ambayo hayawezi kupunguzwa kabisa, kwa sababu hayana urefu wala upana. Katika makumbusho yale yale liko behewa ambalo ndani yake Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, aliuawa na simba usiku mmoja wa mwaka 1900 pale Kima. Liige behewa hilo mpaka ribiti ya mwisho, usikosee hata nukta moja ya kipimo. Mfano wako hautasema neno juu ya usiku ule. Na reli yenyewe je? Ilijengwa na watu zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na kati yao karibu 2,500 walikufa, mbali na Waafrika waliotumika pamoja nao. Hakuna taruma lionyeshalo hayo.

Je, fundi wa bustanini ni mwongo kwa kunyamaza? Sisemi hivyo. Kunyamaza kwa lazima si uongo. Lakini chukua mfano mwingine. Fundi huyo huyo aunda msafara wa zamani wa Kenya, mabehewa ya daraja la kwanza, la pili na la tatu. Madaraja hayo yaliwatenga watu kwa fedha na, katika desturi ya ukoloni, kwa rangi ya ngozi pia. Katika daraja la kwanza aweka mapazia, meza ndogo, na abiria wawili wenye kofia, kila mmoja na kimo cha sentimita saba na nusu. Daraja la tatu aacha mabenchi matupu, maana watu wengi, vikapu na watoto migongoni ni kazi ya kuchosha, tena wanaharibu mstari mzuri wa madirisha. Hapa nafasi ilikuwapo, kipimo kiliruhusu, rangi ilikuwapo. Kilichokosekana ni kutaka. Ukimya wa namna hii siwezi kuutetea, hata kama kila ribiti iko mahali pake. Nao waliojaa katika yale mabenchi ndio waliokuwa abiria wengi.

Nami nasema haya si kwa ajili ya bustani za Ulaya. Sisi walimu tu wapunguzaji wa kweli kwa kazi yetu. Ramani ya Afrika ubaoni, tufe mezani, picha ya moyo yenye damu nyekundu upande huu na ya buluu upande ule, vyote ni mifano, na wala hakuna binadamu mwenye damu ya buluu. Mwalimu wa historia hupewa dakika 40 kueleza miaka mitano ya kutandika reli. Lazima aache mengi. Kila aachapo jambo, amefanya lile afanyalo fundi mbele ya mabenchi yake: ameacha kwa sababu ya kipimo, au kwa sababu ya uvivu, au kwa sababu ukweli ule ungeuharibu mstari mzuri wa somo lake. Wanafunzi hawawezi kujua ni ipi. Wao huona behewa tu.

Wanafunzi wawili wa ualimu walibishana mbele yangu juu ya magari ya waya ambayo wavulana wa vijijini huyaunda, yale yasukumwayo kwa fimbo ndefu yenye usukani juu yake na magurudumu ya patipati kuukuu. Mmoja alileta kigari cha plastiki cha dukani, chenye milango, taa na rangi inayong’aa. “Mwalimu,” akasema, “hiki ndicho kifananacho na gari.” Mwenziwe hakujibu, alilisukuma gari la waya mpaka kwenye kona ya chumba, akauzungusha usukani, na magurudumu ya mbele yakageuka. Akakiweka kile cha dukani sakafuni, akakisukuma, kikaenda moja kwa moja mpaka ukutani. Wa kwanza akasema kwamba gari la waya halina hata dereva, na hilo nalo lilikuwa kweli. Ubishi haukwisha siku ile, nami sikuharakisha kuukata.