Wimbo wa Kanisa, Programu ya Wizi



Leo naandika juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaopiga vinanda na kurekodi kwaya tunalijua vizuri, ila hatulitaji tukienda kuungama. Ni ile programu ya kutengenezea muziki iliyo kwenye kompyuta yako. Uliipata wapi?

Yangu niliipata Kariakoo. Nilinunua laptopu ya mtumba, nikaipeleka kwa fundi mmoja kwenye kibanda, nikampa shilingi elfu kumi. Ndani ya saa moja alikuwa ameniwekea Windows, programu ya kuzuia virusi, na programu kamili ya kurekodia ambayo mwenyewe anaiuza kwa mamia ya dola. Akanionya nisiiunganishe na intaneti, isije "ikajishtukia". Nikacheka. Hapo huwa tunacheka wote.

Chumba changu cha Gerezani, kinachopakana na mafundi wa kuchomelea, kikawa studio. Nikanunua kisanduku cha kuingizia sauti, maiki moja, blanketi mbili za kutundika ukutani. Unarekodi usiku, maana mchana utapata wimbo wa Kwaresima wenye nyundo ndani yake, na honi za mabasi. Humo nimerekodi nyimbo za kwaya yetu ya vijana na nyimbo za harusi tatu ambazo nililipwa. Zote kwa krak ile ile.

Sasa kisa chenyewe. Kwaya iliweka nyimbo zetu kwenye flashi tuziuze, tupate hela ya sare. Haikupita wiki mbili mwenzetu mmoja akazikuta kwa vijana wanaorusha nyimbo kwenye simu na memori kadi, pale mtaani, albamu nzima kwa bei ya soda. Jioni ya mazoezi niliwaka. Nilizungumzia jasho letu, nikaitaja COSOTA, nikaitaja hata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kana kwamba nimeisoma. Nilipomaliza, binti mmoja wa sauti ya pili, mtulivu sana, akanyoosha mkono.

"Samahani kaka, hivi ile programu uliyoturekodia ulinunua?"

Hakuna aliyecheka. Nikasema tufungue ukurasa wa kumi na mbili, tuendelee na mazoezi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nalifikiria swali lake, na nataka tulifikirie pamoja bila kudanganyana.

Hoja ya kwanza niliyojipa ni ile ya kila mtu: kunakili si kuiba, kwa sababu mwenye mali habaki mikono mitupu. Nikichukua kuku wako, huna kuku. Nikinakili programu yako, bado unayo. Hoja hii ina ukweli ndani yake na sitaki kuipuuza. Lakini nenda kwa fundi cherehani yeyote wa Kariakoo. Kitambaa ni chako, uzi umenunua wewe, vifungo vyako. Akishakushonea ukavaa ukaondoka bila kulipa, umemwibia nini? Hakuna kitu kilichopungua kwenye meza yake. Bado kila mtu pale mtaani atakuita mwizi, na atakuwa sahihi, kwa sababu umeondoka na siku yake ya kazi.

Tena hoja hii sisi wa Kariakoo ndio watu wa mwisho wenye haki ya kuitumia. Wazee wetu wa muziki wa dansi walirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam enzi ambazo studio binafsi zilikuwa hazijaenea, na kanda zilizonakiliwa zikauzwa mitaani kwa miaka mingi bila wao kuona kitu. Walipokuja vijana wa Bongo Fleva malalamiko yakawa yale yale. Kanda ikawa sidii, sidii ikawa memori kadi. Mwanamuziki wa mji huu anajua kabisa maumivu ya kunakiliwa. Ila akikaa mbele ya kompyuta anasahau.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: umaskini. Hapa naomba tusikimbilie Amri ya Saba na kufunga kitabu. Katekisimu, namba 2408, inaeleza wizi kuwa ni kutwaa mali ya mtu kinyume cha utashi wa mwenyewe ulio wa haki na busara, kisha inakubali kwamba mtu aliye katika shida ya wazi na ya haraka, ya chakula, malazi au mavazi, akichukua cha kumwokoa, huyo si mwizi. Mtakatifu Thoma wa Akwino alishasema hivyo karne ya 13. Mali za dunia Mungu aliziweka kwa ajili ya watu wote. Basi nikajiuliza: bei ya dola iliyopangwa kwa mtu wa London, akatozwa hiyo hiyo kijana wa Gerezani anayelipwa kwa siku, ni ya busara kweli? Sidhani. Nasema wazi, sidhani.

Lakini programu ya muziki si ugali. Na kuna jambo jingine ambalo ndilo lililonimaliza. Hoja ya shida inasimama pale tu ambapo hakuna njia nyingine. Mwenye njaa anayepita kwenye meza iliyoandaliwa, akakaribishwa kula, kisha akaenda kuvunja duka la jirani, huyo hawezi kumtaja Mtakatifu Thoma. Na meza ilikuwepo. Sikuijua, au tuseme nilishaisikia nikaona ni ya watu wa vyuo.

Naongelea Linux. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Finland, juu ya wazo ambalo Richard Stallman alilitangaza mwaka 1983: programu ambayo mtu ana ruhusa kuitumia, kuifungua aone ndani, kuirekebisha, na kumpa mwenzake. Hapa kwetu haikuwa ngeni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi zinazoongea Kiswahili, zikaitwa Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alileta Ubuntu, jina ambalo sisi Wabantu hatuhitaji kamusi kulielewa. Kuna toleo lake la watu wa muziki, Ubuntu Studio, na ndani yake unakuta Ardour ya kurekodia, ambayo Paul Davis na wenzake wameijenga tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Iko Hydrogen ya ngoma. Iko Audacity ya kukatakata sauti. Zote kwa ruhusa. Yule fundi wa kibandani akikunakilia hizi kwenye flashi kwa elfu tano hajamkosea mtu, leseni yenyewe inamruhusu kutoza kazi ya kunakili.

Je, ndiyo tatizo limekwisha? Hapana bwana. Siku ya kwanza nilipiga kinanda, sauti ikatoka imechelewa kama mwangwi wa kanisa kuu. Siku ya pili haikutoka kabisa. Nilihangaika mpaka saa nane usiku kumbe kompyuta ilikuwa inaipeleka sauti kwenye tundu la runinga wala si kwenye kisanduku changu. Nafungua programu ndogo iitwayo pavucontrol, nachagua kisanduku, mara moja sauti hiyo.

Kuchelewa kulinichukua wiki. Nieleze kidogo, maana najua wapo wenzangu walioachia hapa. Kompyuta haipitishi sauti tone kwa tone, inakusanya kwanza kwenye ndoo inayoitwa bafa, ndoo ikijaa ndipo inamwaga. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na ndoo ikawa ya sampuli 1,024, kila ndoo ni milisekunde 21 hivi, na kwa kawaida zinatumika mbili au zaidi. Kidole kinagonga, sikio linasubiri. Ukipunguza mpaka 256 inakuwa milisekunde 5 na kitu, huo mwanya mpigaji hausikii. Ila ndoo ndogo inataka mtu mwepesi wa kumwaga. Kompyuta ikichelewa kidogo tu unasikia "tk!" kwenye wimbo, wenyewe wanaita xrun.

Zangu zilikuwa nyingi kama mvua ya masika. Sababu zilikuwa tatu. Jina langu la mtumiaji halikuwa kwenye kundi linaloitwa audio, kwa hiyo kompyuta haikuipa kazi ya sauti kipaumbele. Nikajiongeza, nikatoka, nikaingia tena (usipotoka ukaingia tena haifanyi kazi, nilipoteza jioni nzima kwa hilo). Pili, prosesa ilikuwa kwenye hali ya kubana umeme, nikaiweka kwenye hali ya nguvu kamili. Tatu, nilichomeka kisanduku cha sauti kwenye kigawanyio kimoja na flashi na kipanya, wote wanagombania mlango mmoja. Nikakipa tundu lake peke yake. Wi-Fi nikaizima wakati wa kurekodi. Usiku ule Ardour ilirekodi dakika arobaini na kihesabu cha xrun kikabaki sifuri. Nilikaa nakiangalia tu.

Katika zile jioni za kuhangaika nilimkumbuka Daudi. Mwishoni mwa Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, anataka kumjengea Mungu madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria ngano cha Arauna. Arauna anampa bure kila kitu: kiwanja, ng'ombe, hata kuni. Daudi anakataa. Hataki kumtolea Mungu kitu ambacho yeye hakikumgharimu, analipa shekeli hamsini za fedha. Na kumbuka, pale mwenye mali alikuwa ameshakubali! Daudi angechukua bure asingekuwa mwizi. Mimi nilikuwa natoa sadaka ya wimbo, mwenye mali amekataa, na isitoshe hainigharimu kitu.

Kuna sehemu kali zaidi, Yoshua bin Sira sura ya 34, kuhusu sadaka zinazotokana na mali ya dhuluma. Bartolomé de las Casas aliisoma Cuba mwaka 1514 akijiandaa kuhubiri, akaachia wenyeji wa kisiwa aliokuwa anawatumikisha. Sitajifananisha naye. Aliyedhulumiwa pale ni maskini, na kampuni ya programu si maskini wangu. Ndiyo maana Daudi ananigusa zaidi. Swali lake halihusu utajiri wa Arauna, linahusu mkono wa anayetoa.

Mtu ataniambia, mbona Linux nayo ni bure, inakugharimu nini? Zile usiku za xrun nazihesabu. Na bure hii ina watu nyuma yake. Ardour iliyotengenezwa tayari, ukiichukua kwa wenyewe, wanakuomba ulipe unachoweza, hata dola moja. Ukiipata kupitia Ubuntu hawakudai. Nilikaa muda mrefu nikijiambia kwamba kwa kuwa hawanidai, basi. Siku hizi kila kwaya tukipata kazi ya kulipwa tunatenga kidogo tunawatumia. Mwalimu wetu wa kwaya alihoji, ikabidi tupige kura. Ilipita kwa kura mbili.

Lililobaki ndilo gumu, na sijui wenzangu mtalionaje. Krak nilishaifuta. Lakini zile harusi tatu? Nilimweleza Padre. Hakunikemea. Aliniuliza nililipwa shilingi ngapi jumla, nikamwambia laki nne na nusu. Akanikumbusha Zakayo, Luka 19, kwamba toba yake ilikuwa na hesabu ndani yake, kisha akaniambia niende nikafikiri.

Nimefikiri. Nimeamua kununua leseni ya ile programu, ambayo situmii tena na wala sina mpango wa kuitumia, toleo lile lile alilonifungia fundi. Kaka yangu anasema nimerukwa na akili, bora hiyo hela ningenunua maiki ya pili, kwaya ingefaidika. Inawezekana yuko sahihi. Nimebishana naye mara mbili na sikushinda. Mpaka juzi Jumamosi kibubu kilikuwa na laki mbili na arobaini elfu, na yule binti wa sauti ya pili, bila mimi kumwambia chochote, ametumbukiza elfu mbili.