Matoleo mengi, jina moja: nani atangulie?

Kuweka maandiko ya wazee wetu katika maktaba ya intaneti si kazi ngumu sana siku hizi. Kijana mwenye telefone nzuri anapiga picha za kurasa zote kwa siku moja. Shida inaanza wakati wa kupanga: andiko moja liko na matoleo matatu ao mane, na mashini inauliza jina la mwandishi.

Tutoe mfano wa huku kwetu Katanga. Mwaka 1965 André Yav aliandika Vocabulaire de ville de Elisabethville, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboi katika nyumba za wazungu. Ni historia ya mji, kwa Kiswahili cha mji, iliyopigwa kwa mashini. Maneno yamekatwa fasi yasipokatwa, mengine yameungana; ukisoma kwa macho tu unakwama. Ndiyo sababu Kalundi Mango aliisoma kwa sauti, na usomaji ule ukaandikwa. Mwaka 1990 Johannes Fabian akachapisha yote pamoja: karatasi za kwanza, usomaji wa Mango, na tafsiri ya Kiingereza. Baadaye ikaingia katika intaneti.

Wenzetu wengine wanasema: wekeni toleo moja, safi, lenye Kiswahili sanifu, wanafunzi wasichanganyikiwe. Tunaelewa; hata sisi tunasahihisha madaftari kila juma. Lakini mzee Yav hakuwa anafanya mtihani. Kile tunachoita kosa ndicho kinachoonyesha namna boi wa zamani alivyojifunza kuandika, na nani hakumfundisha. Ukisafisha, unamfanya aseme kama mwalimu. Kumbe yeye alikuwa anasema juu ya hao waliomtuma chai na kumpa matusi!

Toleo la shule lifanywe, hatukatai. Liandikwe tu wazi ni nani amelitengeneza na mwaka gani, lisisimame mbele ya lile la 1965. Maana mwanafunzi mwenye mega kidogo atafungua lile la kwanza katika orodha, basi. Anayepanga orodha ndiye amemchagulia, hata kama hajui. Vilevile kitabu cha 1990 kinatafutwa kwa jina la Fabian. Kazi yake ni kubwa, bila yeye pengine tusingekuwa na kitu mkononi. Lakini mtoto wa Kamalondo anayeandika "Yav" anapaswa kufika.

Kwa hadithi za mdomo mambo ni mengine, na hapa watu wanachanganya sana. Shujaa Mwindo wa Wanyanga, kule Kivu, alisimuliwa na mzee Rureke mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969, Kinyanga na Kiingereza. Mwaka 1978 Biebuyck akatoa masimulizi mengine ya Mwindo, ya wasimulizi wengine. Hayo si matoleo ya Rureke yaliyoharibika! Kila msimulizi ametunga yake, mbele ya watu wake. Ukiyaweka chini ya lile la 1969 kama watoto chini ya baba, umewanyang'anya wazee wale kazi yao, na Rureke mwenyewe umemfanya sheria, jambo ambalo hakuliomba. Tafsiri, hiyo ndiyo ikae chini ya simulizi lililoizaa. Simulizi na simulizi zikae bega kwa bega, kila moja na jina la msimulizi wake.