🌙 TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Uwatu na Amana

Ndugu yangu, ulipo Bariadi, Maswa, Meatu au kwingineko.

Una kisukari. Kila usiku unaloweka uwatu, unakunywa wakati wa daku. Hakuna ubaya. Uwatu una nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta dawa.

Sasa jiulize: kwa nini daktari humwambii?

Utasema, "Mimi nimemtegemea Allah." Sawa, ila tawakkul siyo kuficha. Uwatu unashusha sukari, vidonge vinashusha, na mchana kutwa hujala. Vikikutana vitatu hivyo unaweza kutetemeka, jasho likakutoka, ukaanguka. Hapo kufungua siyo udhaifu wa imani. Aliyefaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa: Al-Baqara, aya ya 184.

Kosa jingine ni kuacha vidonge kabisa kwa sababu ya mmea. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Nia yao ilikuwa njema, lakini nia njema haishushi sukari.

Mwili huu siyo wako, ni amana. Na amana haitunzwi kwa kubahatisha.

Leo fanya moja tu: mwambie mhudumu wa afya kila unachokunywa, hata uwatu. Na pima sukari mchana; wanazuoni wengi wamesema tone la damu la kipimo halifunguzi.

Allah atupe shifa na atukubalie funga zetu. Amin. 🤲 Mtumie na mwenzako.