Hapana Mtu

Neno hili "mtu" twalitumia kila siku, wala hatulitafakari. Mchaga husema mndu, Mzulu umuntu, Mkongo muntu. Mwaka 1862 Wilhelm Bleek, mtaalamu Mjerumani, alipolinganisha lugha za kusini mwa Afrika, aliiita jamaa yote ya lugha hizi kwa neno hilo moja, Bantu, maana yake watu.

Tukivuka bahari twakuta mengine. Kwa Kiebrania mwanadamu ni adam, na ardhi ni adama. Asomaye Mwanzo 2 katika lugha ile husikia udongo ndani ya jina lenyewe. Warumi nao walimwita mtu homo, na udongo humus, na wataalamu wasema maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Waebrania na Warumi, ambao hawakupatana katika mengi, hapa wamepatana!

Tena yako mataifa yaliyojiita watu, basi. Jina la Inuit, wakaao katika nchi za barafu za kaskazini, maana yake ni watu. Na la Ainu wa kaskazini ya Japani vivyo hivyo. Si vibaya mtu kujiita mtu. Lakini yule wa ng'ambo ya mto, yeye aitweje?

Tusiwanyoshee kidole. Katika Kiswahili mtu na kitu ni shina moja. Silabi ya mbele tu ndiyo inayowatenga. Nasi twajua jinsi silabi hiyo ilivyopotezwa katika soko la watumwa la Unguja, hata lilipofungwa mwaka 1873. Soko limefungwa, ila ulimi haujafungwa bado.

Jioni moja tuliketi barazani pamoja na wazee wa kanisa, tukishauriana habari ya mabati ya paa. Ikasikika hodi. Tukamtuma mtoto atazame, naye akarudi akasema, "Hapana mtu, ni yule mama mchota maji tu." Hakuna miongoni mwetu aliyemkemea. Na angekemewaje? Neno hilo hakulitunga yeye. Alilisikia vinywani mwetu, sisi tufundishao Katekisimo.

Mama yule alikuwa amesimama gizani, mtungi kichwani. Alikuja kuuliza siku ya ubatizo wa mwanawe. Tukampelekea jibu kwa kinywa cha mtoto, aje kesho, tukarudia habari ya mabati.