Upepo wa Mbisho
Somo: Matendo ya Mitume 27:1–13

Wahubiri wengi wakifika sura hii hurukia tufani. Upepo uitwao Eurakilo unavuma, shehena inatupwa baharini, malaika anasimama usiku, watu 276 wanafika nchi kavu salama. Hapo ibada huchangamka. Zile siku za kwanza, merikebu ikijikokota kando ya pwani, hakuna anayezipigia haleluya.

Mimi nimekwama humo tangu mume wangu apate kiharusi.

Ni mwisho wa kiangazi, mwaka 59 au 60 kwa makadirio ya wataalamu wengi. Paulo ni mfungwa mikononi mwa akida Yulio. Luka na Aristarko wamo safarini. Kaisaria wamepanda chombo cha Adramitio kinachopitia bandari za Asia. Siku ya pili wako Sidoni, kama kilomita 110 kaskazini, na Yulio anamruhusu Paulo ashuke kwa rafiki zake wamtunze. Baada ya Sidoni mwendo unakuwa mzito. Kiangazi katika bahari ile, pepo huvuma sana kutoka kaskazini-magharibi, na Rumi, anakopelekwa Paulo, iko huko huko. Wanajikinga nyuma ya Kipro, kisha wanaambaa na pwani ya Kilikia na Pamfilia, ambako mkondo wa maji huelekea magharibi na usiku upepo wa bara husukuma kidogo. Mira wanahamia merikebu ya Iskanderia iliyobeba ngano. Siku nyingi zinapita ndipo waikaribie Nido, kwa taabu. Wanafika Bandari Nzuri, Krete, kwa taabu vile vile.

Aliyewahi kupanda jahazi anaujua upepo wa mbisho. Chombo kinakwenda kombokombo, mara huku mara kule, na ule mnazi uliouona pwani asubuhi, adhuhuri bado unakutazama.

Sasa tukumbuke kwamba Bwana alikwisha kumwahidi Paulo, usiku ule kule Yerusalemu, kuwa atamshuhudia Rumi pia (23:11). Ahadi ilikuwa Rumi, na upepo ukavuma kutoka upande wa Rumi. Luka hataji dhambi iliyouleta, wala upungufu wa imani, wala laana ya ukoo. Yalikuwa majira ya mwaka, basi.

Kwetu kazi ya asubuhi ni maharage. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ametuagiza bakuli mbili na maharage makavu. Mkono wa kulia uyahamishe, moja baada ya jingine. Mume wangu analibana, linamponyoka, linabingirika chini ya kiti. Nainama naliokota, anaanza upya. Siku kidole gumba kilipotii, tulicheka wote wawili mpaka machozi. Jumapili naulizwa mlangoni mwa kanisa, "Mama, ushuhuda lini?" Wanangoja ule wa tufani.

Wengine wametuletea njia ya mkato. Kuna mtumishi ana mkutano mjini. Twende tukapande mbegu, na vidonge vya shinikizo la damu tuviache ili imani yetu ionekane. Wanaosema hivyo wanatupenda, sina shaka. Ila huwa nawafungulia aya ya 13. Pale Bandari Nzuri Paulo alishauri wasiondoke. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu, na wengi wakataka kwenda kukaa Foinike wakati wa baridi. Kisha ukavuma upepo wa kusini, mwanana kabisa. Wakaona mambo yamejipa, wakang'oa nanga. Haukupita muda Eurakilo ikawashukia kutoka kisiwani.

Jambo hili limenishika siachi kulitafakari. Siku zote zile za mbisho hazikumwaga ngano baharini wala hazikuvunja ubao wa merikebu. Ziliwachosha tu na kuwachelewesha. Waliingia hatarini siku upepo ulipowaendea walivyotaka. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kila mlango unaofunguka kwa wepesi umefunguliwa na Mungu, wala kwamba anayekwenda polepole amemkosea. Paulo alifika Rumi, na zile hatua za kujikokota zilikuwa sehemu ya njia yake ya kufika.

Na wanaotaka kutusaidia wajifunze kwa watu wa Sidoni. Luka hakuwataja hata majina, wala hasemi kama walimtabiria Paulo lolote. Walimtunza, akarudi chomboni. Aliyetoa ruhusa hiyo alikuwa askari wa Kirumi, na hilo nalo naliona nyumbani: jirani yetu Mwislamu ndiye humshika mume wangu upande ulio dhaifu akishuka ngazi, kila siku, kabla hajaenda kazini. Hajawahi kuniuliza ushuhuda.

Basi wapendwa, mkija wiki hii, unabii uacheni nje pamoja na viatu. Nawa mikono, vuta kigoda, kaa karibu na bakuli. Harage likianguka, okota, umrudishie mume wangu ajaribu mwenyewe, usimfanyie. Omba naye, kwa ufupi, maana huchoka mapema. Na kama bado upo saa mbili usiku, mkumbushe vidonge vyake.