Fizikia na Swali la Dada

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCM, na anataka fizikia chuo kikuu. Tumepanga masomo mezani: mekanika na kalkulasi mwaka wa kwanza, kisha umeme na sumaku, halafu kwanta. Kalkulasi nimeisisitiza mno. Ikilegea, mengine yote yanalegea. Mama yake akauliza, “Kaka, elimu hiyo haitamtoa kwenye dini?”

Wengi wangemtajia mwanafizikia Abdus Salam, aliyenukuu Qurani kwenye hafla ya Nobel 1979. Mimi naona jibu zito liko kwa Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, padre hakufurahi. Kwake, mlinganyo haukumthibitisha Mungu wala kumkanusha. Nakubaliana naye: imani inayoegemea darubini itatikisika kila darubini mpya inapowashwa.

Nikamshauri kijana aongeze somo la falsafa, hata kama si la lazima. Dada akataka kwanza kujua kama halitagongana na sala ya Ijumaa.