Kazi ya Mwanafunzi ni Amana

Mtu akikupa zawadi ukaipokea kwa mikono miwili, kisha ukaitupa pembeni hadi ikaoza, je, umemdhulumu? Swali hili linatuhusu sisi tunaofanya kazi za kompyuta, na hata wazazi wenye vijana vyuoni huku ughaibuni.

Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, zimefaidika sana na wanafunzi. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoanzisha Linux mwaka 1991. Mwaka 2005 kampuni ya Google ilianza kuwalipa wanafunzi posho ili wachangie programu za namna hiyo. Miongoni mwa waliowapokea ni OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo chimbuko lake ni ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret.

Lakini baadhi ya kazi hizo hupotea. Kijana huandika peke yake kwa miezi mitatu, na huku nyuma programu yenyewe inaendelea kubadilika. Mwishoni analeta lundo la msimbo ambalo hakuna mwenye nafasi ya kulisoma. Mlezi wake anaandika kwamba amefaulu, posho inalipwa, wanaagana. Baada ya mwaka msimbo ule hauingiliani tena na programu.

Wapo watakaosema: kijana amelipwa na amejifunza, dhuluma iko wapi? Mimi naona posho hulipia muda wake tu. Yeye aliambiwa kwamba kazi yake itatumika, na ahadi ni deni. Tena yupo wa tatu asiyekuwapo kwenye makubaliano: karani wa zahanati anayengoja kitu ambacho kimeshatengenezwa, ila hakijamfikia.

Hata hivyo, tuwatendee haki wasimamizi. Ukipokea mbuzi umepokea na kazi ya kumlisha. Kila mstari wa msimbo unaoingia utahitaji kutunzwa kwa miaka mingi, na wengi wao wanajitolea. Kwa hiyo kukataa si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Dawa yake si ngumu. Kazi igawanywe vipande vidogo, kila kipande kikaguliwe na kuingizwa wiki hiyo hiyo. Kisichofaa kikataliwe mapema, kwa sababu zilizoandikwa. Naye mwanafunzi aache maelezo ambayo mgeni anaweza kuyafuata: nimefika wapi, nini hakijakamilika, kwa nini nilichagua njia hii. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi mwanao akikuambia amemaliza mradi wake, mpongeze, kisha muulize: umemkabidhi nani?